Kuikinga Miche ya Parachichi dhidi ya Sakitu ya Kipupwe

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye shamba la parachichi Njombe au Makete hupata shida kuamini baridi ya Julai ya huko, kwa kuwa usiku huohuo Mbagala au Tegeta kuna nyuzi 18 au 19 na watu wanalala feni ikizunguka. Huko juu, anga likiwa halina mawingu na upepo ukitulia, ardhi hupoteza joto upesi, majani hupoa kuliko hewa inayoyazunguka, na kufikia alfajiri huwa yamefunikwa na sakitu, yaani umande ulioganda, meupe kama yaliyonyunyiziwa chumvi. Jua likipanda, ncha changa hulegea, na siku mbili tatu baadaye huwa nyeusi kana kwamba zimebabuliwa na moto.

Hewa baridi ni nzito na hutiririka kwenda mabondeni kama maji, kwa hiyo miche ipandwe kwenye mtelemko, kamwe si kinyunguni, yaani kwenye bustani ya bondeni.

Kwa miche iliyokwisha kupandwa, jambo ambalo wengi hukosea ni matandazo. Nyasi kavu zilizotandazwa shinani hufaa sana wakati wa ukame, lakini usiku wa sakitu huzuia joto la udongo lisipande kuusaidia mche. Katika wiki za baridi kali, mwombe msimamizi azisogeze pembeni na amwagilie mchana, maana udongo wenye unyevu hutunza joto zaidi kuliko mkavu. Jioni kila mche ufunikwe kwa gunia au nyasi juu ya vijiti vinne, kifuniko kifike chini, na kiondolewe asubuhi. Nailoni ikitumika isiguse majani. Mbolea ya urea isiwekwe kipupwe kinapokaribia, kwa sababu huchochea machipukizi laini ambayo ndiyo huungua kwanza. Fuatilieni pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuanzia Juni.

Mche ukiungua, nakusihi usiruhusu ukatwe mara moja. Subiri joto lirudi, kisha msimamizi akwangue gome kwa ukucha juu kidogo ya pale ulipobebeshwa, yaani kikonyo kilipounganishwa na shina la mche mwingine: ukijani ukionekana, mche u hai. Machipukizi yakitokea chini ya hapo pekee, hilo ni shina la chini tu, si Hass (aina ya parachichi iliyobebeshwa) tena, na itabidi ubebeshwe upya.