Kuzuia Damu Kuganda Miguuni Katika Safari Ndefu

Damu iliyofika miguuni hurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya mashavu ya miguu, ambayo kila inapojikaza huibana mishipa ya ndani na kuisukuma damu juu. Msafiri anapokaa saa nyingi magoti yakiwa yamekunjwa, misuli hiyo hutulia, damu hupungua mwendo, na bonge linaweza kujijenga ndani ya mshipa. Likimeguka na kufika kwenye mapafu, linaweza kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya damu kuganda huongezeka takriban mara mbili katika safari inayozidi saa 4, iwe ya ndege, basi, treni au gari, ingawa inabaki ndogo: takriban msafiri mmoja kati ya 6,000.

Hatari hiyo haiwapati wote sawasawa. Aliyewahi kuganda damu au ambaye ndugu zake wa karibu wamewahi, aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, mgonjwa wa saratani, mjamzito, mama aliyejifungua majuma machache yaliyopita, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, na mwenye unene uliopindukia, wote wanapaswa kumwona daktari kabla ya kusafiri, wala wasingoje siku ya kuondoka. Daktari anaweza kushauri soksi za kubana zinazofika chini ya goti, ambazo ni lazima zipimwe zimkae mvaaji vizuri, au dawa ya kuzuia damu kuganda. Nasisitiza kwamba aspirini isinywewe kwa kubahatisha kwa ajili ya safari tu, kwa kuwa inaweza kusababisha kutokwa na damu tumboni.

Safarini, jambo kuu ni kuutumia mguu. Chagua kiti cha kando ya njia ukiweza, na usiweke mzigo pale unapopaswa kunyoosha miguu. Kila baada ya nusu saa hivi, ukiwa umekaa, inua visigino huku vidole vikigusa sakafu, kisha kanyaga kwa visigino na kuinua vidole, ukirudia hadi uhisi mashavu ya miguu yanafanya kazi. Inapokuwa salama, simama utembee kila baada ya saa moja au mbili. Anayeendesha gari apange vituo vya kushuka. Vaa nguo zisizobana kiunoni na mapajani, kunywa maji ya kutosha, na uepuke pombe na dawa za usingizi, kwani anayelala fofofo hukaa saa nyingi bila kujigeuza.

Kufika salama hakumalizi tahadhari, maana bonge linaweza kujitokeza hata majuma kadhaa baadaye. Mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa na joto au kubadilika rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiukande. Ukibanwa pumzi ghafla, kifua kikikuchoma unapovuta hewa, au ukikohoa damu, hiyo ni dharura: tafuta msaada papo hapo na umweleze daktari kwamba ulisafiri.