Ukishazoea Python, jaribu Prolog
Kama Python umeshaizoea, usikimbilie JavaScript kama lugha yako ya pili ya kuandikia programu. Utakuwa umebadili nguo tu, mwili ni uleule. Chukua Prolog, iliyozaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972. Humo huandiki hatua. Unataja ukweli, mfano mzazi(asha, juma), yaani Asha ni mzazi wa Juma, unaongeza kanuni ya nani ni bibi wa nani, kisha unauliza. Jibu inalitafuta yenyewe. Tena kanuni hiyohiyo unaiuliza kinyumenyume: wajukuu wa Asha ni akina nani? Siku za mwanzo kichwa kitauma (mimi nilisaka for, neno la Python la kurudiarudia hatua, mpaka nikachoka). SWI-Prolog, programu ya kuendeshea Prolog, ni ya bure. Ukirudi kwenye SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, utauona undugu: nako unaeleza unachotaka, si namna ya kukipata.