Kupulizia dawa banda la kuku: usipime kwa pua

Shangazi yangu anayeishi Bahati alinipigia simu Jumatatu usiku. Vifaranga mia mbili aliokuwa ameagiza wangefika Alhamisi, na banda bado lilikuwa na maranda ya kuku waliomalizwa na kideri. "Lakini nimeshamwaga ile dawa nyeusi," akasema. "Inanuka mpaka barabarani." Nikamwambia kwanza aombe oda isongezwe mbele wiki mbili, kisha nikapanda matatu asubuhi. Tuliyofanya ni haya.

Dawa za kuua vijidudu ninazozungumzia ni za jamii ya fenoli. Kuna ile nyeusi yenye kresoli, inayotokana na lami ya makaa ya mawe, na kuna ile ya kahawia yenye kloroksilenoli ambayo wengi wetu tunayo bafuni. Zote hupasua utando wa kijidudu na kugandisha protini zake. Kwa sakafu ya banda mimi natumia ya kresoli tu. Ile ya bafuni ni ya kidonda na ngozi, na kuijaza kwenye pampu ni kuchoma pesa. Klorini ya kufulia nguo nyeupe siitaki kabisa bandani, kwa sababu uchafu kidogo tu unaimaliza nguvu. Na msithubutu kuichanganya na fenoli.

Hatua ya 1: Toa kila kitu. Maranda, vyombo, mizoga. Mizoga ichomwe au izikwe kwa kina, mbwa asiifikie.

Hatua ya 2: Kwangua, osha, kausha. Fenoli huvumilia uchafu kuliko dawa nyingi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Kuvumilia si kupenya. Mbolea iliyoganda unene wa kidole ni ngao; kijidudu kilicho chini yake hakijui kama umepulizia. Kwangua kwa sepetu, sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, suuza mpaka maji yatoke safi. Halafu acha sakafu ikauke. Ukipulizia juu ya madimbwi, umeizimua dawa bila kujua.

Hatua ya 3: Pima. Hapa ndipo tulipokaa karibu asubuhi nzima.

Nilimuuliza shangazi alichanganya vipi. "Vifuniko vinne kwa pampu, kama kawaida." Nikachukua sirinji, nikajaza kile kifuniko maji na kupima: ml 10. Kwa hiyo vinne ni ml 40, na pampu yake ya mgongoni ni ya lita 20. Hiyo ni sehemu moja kwa 500. Lebo ilisema moja kwa 100. Alikuwa akitumia moja ya tano ya kipimo, na maji yalikuwa meupe pe kama maziwa.

Weupe huo ndio unaotuponza. Dawa ya kresoli ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni. Yakiingia majini yanasambaa kuwa matone madogo sana, na matone hayo ndiyo yanayorudisha mwanga ukaona maziwa. Yataonekana meupe hata dawa ikiwa haitoshi kuua kitu. Harufu nayo ni vivyo hivyo: pua inaisikia mapema mno kabla kipimo hakijafika.

Tena fenoli haisamehe. Mtu hudhani akipunguza dawa nusu, itachukua muda mara mbili kuua. Kwa fenoli yenyewe, ukipunguza nusu, muda unaongezeka kama mara 64. Nilipomweleza hivyo aliweka kikombe chake cha chai chini, akanyamaza. Mimi mwenyewe nilipata somo hilo kwa kuzika vifaranga mwaka wangu wa pili wa kufuga. Siwezi kuapa kwamba ni dawa peke yake, lakini nilikuwa nikichanganya kwa macho, na nilikuwa nikijisifu kwa harufu.

Basi hesabu ni hii. Banda lake ni futi 10 kwa 20. Sakafu ni futi za mraba 200. Kuta ni za mabati mpaka futi 3, juu yake waya. Mzunguko wa futi 60 mara 3 ni 180. Jumla 380, yaani kama mita za mraba 35. Nahesabu ml 300 za mchanganyiko kwa kila mita ya mraba, zaidi kidogo kama sakafu ni ya udongo. Inakuja karibu lita 11, kwa hiyo ml 110 za dawa. Lebo yako ikisema asilimia 2, ni ml 20 kwa kila lita, na hapo utahitaji ml 220. Fuata lebo ya chupa uliyo nayo, si ya jirani.

Tia maji kwanza, kisha dawa, ukikoroga. Tumia maji ya mvua ukiweza. Maji magumu au ya chumvi yanaweza kuivunja dawa nyeusi. Ukiona mafuta yanaelea juu kama supu iliyopoa, hiyo haifai tena. Usiimwage karibu na mfereji unaoingia mtoni au kwenye bwawa la samaki, itawaua.

Vaa glavu za mpira, gambuti na miwani. Fenoli kali huchoma ngozi na wakati huohuo huitia ganzi, kwa hiyo unaweza kuungua usisikie. Ikikurukia, vua nguo hiyo na ujioshe kwa maji mengi, dakika zisizopungua 15, halafu uende hospitalini. Paka afungiwe mbali. Ini lake haliwezi kuisafisha sumu hii.

Hatua ya 4: Lowesha, usifukize. Joseph Lister, daktari wa upasuaji aliyeanza kutibu vidonda kwa asidi ya kaboliki (ndiyo fenoli yenyewe) kule Glasgow mwaka 1865, aliwahi kuinyunyiza hewani wakati wa upasuaji. Kufikia 1890 alikuwa ameshaacha. Nanyi acheni kupulizia hewa. Anza juu kwenye waya, shuka ukutani, malizia sakafuni ukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Kila mahali pang'ae kwa majimaji na pabaki hivyo kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Jua la saa saba likipakausha mapema, rudia.

Kama kilichokupiga ni koksidia au Gumboro, usitegemee fenoli ya kawaida. Tafuta dawa ambayo lebo yake inautaja ugonjwa huo kwa jina.

Hatua ya 5: Fungua banda lipigwe na upepo. Sisi tuliliacha siku kumi. Usiingize vifaranga kwenye mvuke huo, hasa kwa baridi ya Bahati ambapo utalifunika banda kwa magunia usiku. Vyombo vya maji na chakula suuza sana. Mayai pia hushika harufu hii, na mteja wa mandazi atakurudishia trei.

Mlangoni weka karai la mchanganyiko uleule la kukanyagia, ubadilishe kila siku, au mapema zaidi likiingia matope. Na pampu ioshwe mara tatu kabla shangazi hajaipeleka kwenye sukuma wiki.