Kumpenda Mtu Usiyemjua: Mwongozo kwa Mkristo Mchanga wa Moshi

Mtu aliyebatizwa ukubwani, au aliyeokoka hivi karibuni, huambiwa mapema sana kwamba anapaswa kumpenda jirani kama nafsi yake, lakini ni mara chache anaelezwa aanzie wapi. Hapa Moshi ugumu wa jambo hili una sura yake. Sisi ni watu wa kusaidiana: msiba ukitokea, wanaukoo, majirani na wanajumuiya hufika, mchango hukusanywa, na katibu huandika kila jina na kila kiasi katika daftari. Daftari hilo si baya hata kidogo, kwa kuwa ndilo linalowawezesha watu wenye kipato kidogo kuzika na kuozesha bila kufilisika. Hata hivyo, kila anayechangia anajua kwamba zamu yake nayo itafika. Mwongozo huu unahusu upendo usioingia katika daftari, yaani wema anaotendewa mtu ambaye hatafika kwenye msiba wako wala harusi ya mwanao. Ndio upendo aliouzungumzia Yesu katika Luka 14:12-14, alipomwambia mwenyeji wake kwamba anapoandaa karamu asiwaalike rafiki, ndugu na majirani matajiri, bali maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa sababu hao hawana cha kumlipa.

Kabla ya kutoka nyumbani, soma Luka 10:25-37 taratibu, ukiwa na kalamu, na uorodheshe matendo ya yule Msamaria moja baada ya jingine. Alimkaribia majeruhi, akamfunga vidonda, akatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni na kumtunza, na kesho yake akampa mwenye nyumba dinari mbili. Kwa kuwa Mathayo 20 inaonyesha kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa, alitoa ujira wa siku mbili kwa ajili ya mtu wa taifa lisilochangamana na taifa lake. Wahubiri wengi husisitiza huruma yake, na ni haki yao, lakini mimi naona mwanafunzi mchanga anafaidika zaidi akitazama utaratibu wake. Alitumia vitu alivyokuwa navyo safarini, hakwenda kutafuta vingine. Hakuahirisha safari yake kwa muda usiojulikana, bali alimkabidhi mgonjwa kwa mtu mwenye nafasi ya kumhudumia. Tena aliahidi kupita wakati wa kurudi ili alipe gharama itakayozidi. Waswahili husema tenda wema nenda zako, na usemi huo unafaa sana dhidi ya tabia ya kungoja shukrani. Msamaria naye alikwenda zake, ila aliacha ahadi ya kurudi kuuliza hali.

Hatua ya kwanza ya vitendo ni kuchagua mahali pamoja. Usijaribu kuupenda mji mzima kwa wiki moja, kwa maana utachoka na kuanza kuwalaumu wengine. Wapo wanaofaa kwenda stendi kuu, na wapo wanaofaa kwenda soko la Mbuyuni, lakini kwa mtu anayeanza ningependekeza hospitali. KCMC (Kilimanjaro Christian Medical Centre), iliyofunguliwa mwaka 1971 na kumilikiwa na shirika lenye jina la huyo huyo Msamaria Mwema, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa mingi, na pamoja na kila mgonjwa huja ndugu wa kumuuguza ambaye mara nyingi hana mwenyeji hapa mjini. Mgonjwa ana daktari na muuguzi. Anayemuuguza hana mtu. Anahitaji mahali pa kufulia nguo, mahali pa kuchaji simu, uji wa moto, mtu wa kumwonyesha dirisha la malipo, na pengine mtu wa kukaa na mtoto kwa nusu saa ili apate kuoga. Kama ni bibi kutoka Simanjiro au Mbulu ambaye Kiswahili chake ni cha shida, na wewe unajua Kimaasai au Kiiraqw, basi umekwisha kuwa na kitu ambacho fedha hainunui.

Fuata taratibu za hospitali. Uliza saa za kuona wagonjwa, jitambulishe kwa wahudumu, na usimpe mgonjwa chakula kabla ya kumuuliza muuguzi, kwa sababu huenda anasubiri upasuaji au ana kisukari. Usiingie wodini na vipeperushi vya dini. Huduma ya kiroho ina wenyewe waliopewa wajibu huo, na mgonjwa aliyelala kitandani hana pa kukukimbia.

Katika mazungumzo, anza na salamu na umpe mtu heshima inayolingana na umri wake: shikamoo kwa aliyekuzidi, kisha mama, baba, dada au kaka. Uliza habari za safari na za mgonjwa, halafu nyamaza usikilize. Usiulize jina la ugonjwa mbele za watu. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba swali la jumla kama “Mnahitaji msaada gani?” hujibiwa karibu kila mara kwa “Hatuna shida, tunashukuru,” kwa sababu mtu mzima mwenye staha hapendi kuonekana ombaomba, hasa ugenini. Swali linalojibika ni lile dogo na la wazi: “Mama, nakwenda dukani sasa hivi, nikuletee sabuni au mkate?” Hapo anaweza kuchagua bila kujishusha. Akikataa, usimsukume, kaa naye kidogo kama anapenda, au mwache apumzike.

Suala la fedha linahitaji nidhamu zaidi ya huruma. Panga mapema, pamoja na mwenzi wako kama umeoa au umeolewa, kiasi ambacho kila mwezi kitakuwa cha watu msiowajua, hata kama ni kidogo sana, na usikivuke kwa kukopa au kwa kugusa ada ya watoto. Anayekuomba nauli stendi, nenda naye hadi kwenye ofisi ya basi umkatie tiketi. Mwenye njaa, keti naye mle mgahawani. Aliyeshindwa gharama za matibabu, msindikize kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa kuwa ndiye anayeshughulikia maombi ya msamaha wa wasio na uwezo, na wageni wengi hawajui hata kwamba ofisi hiyo ipo. Pamoja na tahadhari zote hizo, ipo siku utadanganywa. Hesabu hasara hiyo ndani ya kile kiasi ulichokwisha kutenga, wala usiigeuze kuwa sheria kwamba kila mwenye shida ni tapeli. Anayeapa kutodanganywa kamwe huishia kutomsaidia mtu yeyote.

Kama nikiulizwa tendo moja ambalo lingemfundisha Mkristo mchanga maana ya kutoa bila kujitafutia, ningetaja kuchangia damu. Mpokeaji hutamjua, naye hatakujua. Hawezi kukushukuru, kukualika, wala kukusifu kanisani. Huenda ni Mwislamu, mpagani, au mtu ambaye mngekutana mngegombana. Mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, awe na afya njema, na apimwe wingi wa damu kabla ya kutoa. Mama mjamzito na anayenyonyesha hawatoi. Kiasi kinachochukuliwa ni kama mililita 450, na mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Kabla ya kutumika, damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Kula na kunywa maji ya kutosha kabla ya kwenda, na siku hiyo usibebe mizigo mizito. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwa wiki chache tu, kwa hiyo hospitali hunufaika zaidi na mtu anayerudi kwa ratiba kuliko umati unaojitokeza siku moja ya maadhimisho.

Ukisha kuanza, vishawishi viwili vitakufuata. Cha kwanza ni simu: picha ya mkono wako ukimkabidhi mtu kilo ya unga humvunjia heshima aliyepokea, na Mathayo 6:1-4 imesema wazi kwamba anayetoa ili aonekane amekwisha kupata thawabu yake. Cha pili ni kuufanya msaada kuwa chambo. Usimwambie mtu kwamba utamletea chakula tena akija ibadani Jumapili. Akikuuliza kwa nini unafanya hivi, mjibu kwa ufupi na kwa upole, kisha mwachie nafasi. Asipouliza, msaada wako haujapungua kitu.

Mipaka nayo ni sehemu ya upendo. Nendeni wawili wawili, hasa wanawake na hasa jioni. Mtoto uliyemkuta akizurura usimchukue nyumbani kwako, hata kama moyo unakusukuma. Mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Ukikuta ajali barabarani, piga 112, zuia magari yasimkanyage majeruhi, na usimvute wala kumkunja shingo pasipo hatari kubwa zaidi. Kama kuna ndugu yake, mkumbushe habari ya PF3, yaani fomu ya polisi kwa ajili ya matibabu ya majeruhi.

Si lazima kila mgeni awe mbali. Mpangaji mpya aliyehamia mtaani kwenu, mlinzi wa usiku wa jengo la jirani, na yule aliyeingia kanisani akasimama asijue aketi wapi, wote ni wageni. Mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka, unaofanyika baada ya ibada, ni nafasi nzuri, ingawa wengi wetu tunautumia kushindana majina: nunua mkungu wa ndizi au mayai, kisha umpelekee mpangaji huyo bila kutaja kwamba vilitoka mnadani.

Baada ya miezi michache utagundua kwamba bado unatamani kushukuriwa, na kwamba asiyeshukuru anakuudhi. Lipeleke jambo hilo katika sala na kwa mzee wa kanisa au mwinjilisti wako, ukiendelea na zamu yako ya kwenda hospitali. Siku utakapoitwa kusafiri, tafuta mwenzako wa jumuiya kabla hujaondoka, umtambulishe ana kwa ana kwa wale unaowahudumia, umweleze ni nini kilichoahidiwa na ni gharama gani haijalipwa, na umwambie ni lini utarudi kuimalizia.