Baada ya Tanga Kuanuliwa: Namna ya Kuishi na Msiba Katika Shughuli za Kila Siku

Siku za msiba wenyewe, kwa sisi wa Moshi na vijiji vyake vya mlimani, mfiwa hana nafasi ya kupotea. Kuna kamati ya mazishi, kuna mweka hazina anayesoma majina ya waliochangia, kuna akina mama wanaomenya ndizi tangu alfajiri, na kuna ratiba ya ibada iliyochapwa ikagawiwa. Mfiwa huambiwa akae, ale, asimame, aweke udongo. Ugumu ninaouzungumzia hapa huanza baada ya tanga kuanuliwa, turubai likashushwa, viti vya kukodi vikapakiwa garini, ndugu wa Dar es Salaam wakarudi kazini, na wewe ukabaki jikoni ukitazama masufuria makubwa ya kuazima ambayo bado hayajarudishwa kwa wenyewe.

Tulimzika mama yetu Kibosho miaka minne iliyopita. Haya ninayoyaandika yametokana kwa kiasi kikubwa na makosa yangu mwenyewe, pamoja na machache niliyofundishwa na majirani waliotangulia kufiwa. Kaburi nilikuwa nimejiandaa kulikabili, na kweli halikuniumiza kama nilivyohofia. Kilichoniumiza ni kikombe, simu na salamu za sokoni. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu vitu vidogo.

Kujibu salamu

Lugha yetu haimwachi mtu apite bila kuulizwa jamaa zake: nyumbani hawajambo, mama anaendeleaje, mzee yupo? Katika miezi ya kwanza utakutana na mtu ambaye habari hazikumfikia, na mara nyingi atakuwa mtu usiyemtarajia, kama vile mama anayekuuzia ndizi soko la Mbuyuni au kondakta wa daladala aliyezoea kumpandishia marehemu mzigo. Mara ya kwanza nilipoulizwa, nilijibu kwamba mama hajambo, nikalipa, nikaondoka, kisha nikashindwa kurudi kwenye meza ile kwa miezi miwili kwa sababu nilikuwa nimemdanganya mtu aliyempenda.

Andaa sentensi moja fupi mapema, na uitamke kwa sauti ukiwa peke yako mpaka mdomo uizoee: "Mama alitutoka mwezi wa pili, tulimzika nyumbani Kibosho." Sehemu ya mwisho ina kazi yake, kwa maana swali linalofuata huwa ni wapi alizikwa, na ukishalijibu kabla ya kuulizwa, mwenzako hubakiwa na neno la pole tu. Wapo watakaotaka kujua aliumwa nini, kwa muda gani, na alitibiwa wapi. Hao unaweza kuwajibu kwamba aliugua na Mungu akampenda zaidi, kisha ukaulizia bei ya parachichi. Hawatakasirika. Akianza kulia yeye, mshike mkono na umwambie umepokea pole yake, lakini usijione una wajibu wa kumbembeleza hadi anyamaze. Siku ambayo huna nguvu, mtume mwingine sokoni.

Jikoni na saa za marehemu

Mkono uliozoea kupima mchele wa watu watano hautaacha kupima wa watu watano kwa sababu mmoja hayupo. Usiugombeze. Katika wiki za kwanza, kile kinachozidi kipeleke kwa jirani kikiwa bado cha moto, na baadaye badilisha chombo cha kupimia, kwa kuwa chombo kipya hulazimisha akili kuhesabu upya, ilhali cha zamani huhesabu chenyewe.

Tafuta pia saa ya marehemu. Kila mtu huacha saa fulani ya siku ambayo ilikuwa yake, na uchungu hurudi saa hiyo hata kama umesahau sababu. Ya mama ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, alipokuwa akiwasha moto wa chai kabla ya kwenda kuwatazama ng'ombe, na kwa wiki kadhaa niliamka saa hiyo nikidhani naumwa moyo. Ukishaijua saa hiyo, iwekee kazi, na ikiwezekana kazi yenye mtu mwingine ndani yake: mpigie ndugu yako simu, nenda ibada ya asubuhi, msindikize mtoto kituoni. Kazi ya kufanya peke yako, kama kufagia au kuosha vyombo, haisaidii sana, kwa sababu mikono inafanya kazi huku fikra zikibaki palepale.

Kuhusu kikombe, kiti na kitanda, shauri langu ni moja: mkubaliane kwa maneno. Nyumbani kwetu hakuna aliyesema lolote, na siku kaka yangu alipokunywa chai kwa kikombe cha mama pasipo kufikiri, palizuka ugomvi ulioishia kwenye bei ya jeneza na nani alichangia kidogo. Ungetosha mkutano wa dakika tano baada ya chakula cha jioni kuuliza ni kipi kitunzwe, kipi kiendelee kutumika, na kipi kisiguswe kwa sasa. Kikombe kile leo hupimia maharage, na kila mtu wa nyumba ile anajua kwa nini.

Usijipime kwa ratiba ya mtu mwingine. Hatua tano za huzuni zinazotajwa mara kwa mara, kuanzia kukataa hadi kukubali, zilitokana na kazi ya daktari Elisabeth Kübler-Ross ya mwaka 1969, ambayo ilihusu wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe, wala haikukusudiwa iwe ngazi ambayo kila mfiwa lazima aipande. Mimi naona maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, yana manufaa zaidi: mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kuukabili uchungu na kushughulikia maisha yaliyobaki, na kwamba huko kwenda na kurudi ndiko kunakomwezesha kuendelea. Kwa hiyo ukicheka kwenye daladala katika wiki ya tatu, kisha ukalia dukani jioni ile ile, hakuna kilichoharibika.

Kaburi lililo kihambani

Kwetu marehemu hazikwi mbali. Kaburi liko kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, hatua chache kutoka mlangoni, kati ya migomba na mibuni, na yeyote anayekwenda kukata majani ya ng'ombe hulipita. Kwa anayekuja Disemba tu jambo hilo ni faraja. Kwa anayeishi pale ni suala la kila siku. Kwa desturi, kitinda mimba wa kiume ndiye hubaki katika nyumba ya wazazi, kwa hiyo ni yeye na mkewe wanaoamka na kaburi, na ndugu zao walio mjini huwaambia kwamba wana bahati kuwa karibu na mama. Ukiwa wewe ndiye uliye mbali, usiseme hivyo. Uliza badala yake kama wangependa kuja kwako kwa wiki mbili, na utafute mtu wa kuwaangalizia mifugo.

Aliye nyumbani aamue mapema kama njia ya kila siku itapita kando ya kaburi au itazunguka. Hakuna dhambi katika kufungua njia nyingine kati ya migomba. Baadhi ya watu husalimia wanapopita, kwa sauti, kama walivyomsalimia marehemu alipokuwa akipalilia, na sioni sababu ya kuwazuia. Panda masale au maua, ng'oa magugu, lakini uamuzi wa kujengea kwa marumaru uahirishe hadi mwaka upite, kwa maana ujenzi wa kaburi ni mahali ambapo ndugu hushindana kwa fedha wakidhani wanashindana kwa upendo, na udongo wenyewe unahitaji muda wa kushuka, hasa baada ya masika.

Nguo, simu na karatasi

Nguo zinaweza kusubiri, karatasi haziwezi, na simu iko katikati.

Nikianza na karatasi: kifo kinatakiwa kuarifiwa kwa usajili ndani ya siku 30, na cheti cha kifo hutolewa chini ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Bila cheti hicho benki, mfuko wa hifadhi ya jamii na mahakama havitakusikiliza. Ukoo hukaa kikao, humpendekeza msimamizi wa mirathi, huandika muhtasari wenye majina na saini, na maombi hupelekwa mahakamani, kwa familia nyingi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi si mrithi wa kila kitu. Ni mtu wa kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Kazi hii mpe mwenye subira, si lazima mkubwa kwa umri, na asiende ofisini peke yake, kwa sababu kuandika neno "marehemu" mbele ya jina la mzazi kwenye fomu huwaangusha hata wanaume waliobeba jeneza bila kutoa chozi.

Simu usiizime haraka. Namba isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa na kupewa mtu mwingine, na siku moja utaipiga kwa mazoea ukajibiwa na mgeni. Kabla ya hapo hamisha picha na ujumbe wa sauti, uziweke mahali pawili tofauti. Fedha zilizo kwenye simu ni sehemu ya mirathi. Kuzitoa kwa sababu tu unajua namba ya siri, hata kwa nia njema ya kulipia sukari ya msiba, ni kuanzisha maneno ambayo hayataisha. Wajulishe watu wa makundi ya kanisa na vikoba ili wamwondoe kwa heshima, maana inauma kuona marehemu akidaiwa mchango wa mwezi.

Kanga na vitenge tulivigawa baada ya miezi mitano, na nadhani tuliwahi kidogo. Dada yangu alikubali kwa sababu wengine walikuwa tayari, kisha akaja kuniomba ile kanga niliyochukua mimi. Nilimpa. Kama mmoja hajawa tayari, funga sanduku.

Kazi na muda

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa angalau siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mwenzi, mtoto, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Kwa anayesafirisha mwili kutoka mbali siku hizo huisha kabla ya mazishi, kwa hiyo zungumza na mwajiri wako mapema kuhusu kutumia sehemu ya likizo ya mwaka, na ukirudi, omba wiki ya kwanza usipangiwe kazi ya kupokea wateja.

Majirani zetu Waislamu wana jambo ambalo sisi wa upande wa kanisa tungeweza kulitazama kwa makini. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10, na kwa muda huo hakuna anayeshangaa kumwona ametulia nyumbani. Kwetu sisi, tanga likishaanuliwa, watu hutarajia uonekane kwenye kikao cha harusi Jumamosi inayofuata. Jiwekee muda wako na uutangaze, kwa mfano kwamba hadi Pasaka hutahudhuria sherehe, utatuma mchango tu. Muda uliotamkwa huheshimiwa kuliko udhuru wa kila wiki.

Watoto

Mwambie mtoto kwamba bibi amekufa. Maneno "amesafiri" na "amelala" yanatoka kwenye huruma, lakini mtoto wa Moshi anajua aliyesafiri hurudi na basi, na mpwa wangu wa miaka mitano alisubiri getini majuma mawili kila aliposikia honi. Mtoto mwingine, aliyeambiwa bibi amelala, aliogopa kulala. Mweleze kwamba mwili wa bibi uliacha kufanya kazi, hapumui, hasikii baridi wala njaa, na kwamba uko kaburini pale alipopaona. Imani ya nyumba yenu iongeze juu ya maelezo hayo, isichukue nafasi yake. Atauliza tena kesho, kwa maneno yale yale.

Huzuni inapozidi

Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, huzuni ya muda mrefu inatambuliwa kama tatizo la kiafya pale inapodumu zaidi ya miezi 6, ikapita kiasi ambacho jamii ya mtu inakiona cha kawaida, na ikamzuia kuishi. Usisubiri miezi 6, hata hivyo, ukimwona ndugu ameacha kula, anakunywa pombe tangu asubuhi, au anasema angependa kumfuata marehemu. Maneno hayo yachukue kama yalivyo, usimwache peke yake, na mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kutoka hapo anaweza kupewa rufaa kwenda hospitali kubwa za Moshi, Mawenzi au KCMC. Mchungaji au padri anaweza kumsindikiza, lakini maombi yasiwe sababu ya kuchelewa.

Disemba ya kwanza

Kisha itakuja Disemba, mabasi yatajaa, na mlima mzima utapanda nyumbani. Disemba ya kwanza ipangeni Novemba, kwa simu, kabla watu hawajafunga mizigo. Mgawane kazi za marehemu kwa majina: nani atasali kabla ya chakula, nani atagawa nyama ya mbuzi na kukumbuka kipande cha kila mmoja, nani atapokea wageni, nani atakoroga mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa mnakoroga. Msiache nafasi hizo zijazwe papo hapo, kwa kuwa atakayejitokeza ataonekana amejipachika, na atakayenyamaza ataonekana amesusa. Sisi mwaka ule sala ilimwangukia shangazi, ambaye hakuwa amejulishwa. Alisimama, akataja jina la mama, akashindwa kuendelea, na chakula kikapoa. Mwaka uliofuata tulimpa siku kumi za kujiandaa, na mjukuu mmoja akasimama karibu naye akiwa na karatasi, tayari kumalizia kama sauti ingekatika.