Namna ya Kulinganisha Mbinu za Kugeuza Gesi Asilia Kuwa Kimiminika kwa Akiba ya Majira ya Baridi

Massachusetts na majimbo mengine ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, hayana maghala ya gesi ya chini ya ardhi, hivyo wakati wa kiangazi gesi hupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ikapungua ujazo takriban mara 600, ikawekwa kwenye matangi hadi siku chache za baridi kali. Mtambo wa namna hii ni tofauti na ule unaokusudiwa kujengwa Lindi kwa ajili ya kuuza gesi nje mwaka mzima, na haufai kupimwa kwa mizani ileile.

Anza na tangi. Tuseme linabeba tani 20,000, nawe una siku 200 za kulijaza: unahitaji tani 100 kwa siku. Tangi hilo likipoteza kwa mvuke asilimia 0.05 ya ujazo wake kila siku, ni tani 10 zinazopaswa kurudishwa, yaani sehemu ya kumi ya kazi yote ya mtambo.

Pili, chunguza shinikizo la bomba kuu. Pale gesi inaposhushwa shinikizo kuingia mjini, tabaini (mashine inayozungushwa na gesi inapotanuka) inaweza kuvuna ubaridi kwa umeme kidogo mno. Hata hivyo, sehemu ndogo tu ya gesi hiyo hugeuka kimiminika, na iliyobaki lazima itumiwe na mji papo hapo, ilhali kiangazi ndipo matumizi yanapokuwa madogo. Pata takwimu za matumizi ya Julai kabla ya kuvutiwa na mbinu hii.

Isipofaa, mashindano hubaki baina ya kipozaji mchanganyiko (gesi kadhaa, kama propani na butani, zinazopoza kwa pamoja) na mzunguko wa nitrojeni (nitrojeni inayobanwa kisha kutanuliwa ili ipoe), kwa kuwa mfululizo wa propani, ethilini na methani, kila moja ikipoza kwa hatua yake, huokoa umeme lakini una mashine nyingi mno kwa mtambo mdogo. Kadiria kilowati-saa 0.35 kwa kilo kwa mchanganyiko na 0.5 kwa nitrojeni: tofauti ni kilowati-saa 15,000 kwa siku, au milioni 3 kwa msimu. Zidisha kwa bei ya umeme, kisha linganisha na tofauti ya gharama za ujenzi. Binafsi naipa nitrojeni uzito mkubwa, kwani mtambo wa msimu huzimwa na kuwashwa mara kwa mara, nayo haidai kusawazishwa upya viambato kila unapowasha.

Tena nitrojeni haiwaki. Mjini Cleveland, Marekani, tarehe 20 Oktoba 1944, tangi la gesi ya kimiminika lililojengwa kwa chuma chenye nikeli kidogo lilipasuka na moto ukaua watu wapatao 130; leo hutumika chuma chenye nikeli asilimia 9. Kwa hiyo kila muuzaji wa mbinu ya mchanganyiko aandike ni tani ngapi za propani na butani zitakazokaa kiwanjani, na umbali wake kutoka kwenye tangi na nyumba za watu.