Namna ya Kuona na Kupanga Mizigo ya Seva katika Proxmox VE

Umeme unapokatika Lubumbashi na chumba cha seva kikabaki kuendeshwa kwa betri za akiba, fundi anatakiwa kujua papo hapo ni mashine zipi zinazobeba kazi kubwa na zipi zinaweza kuzimwa bila kuwaumiza watumiaji. Katika Proxmox VE, programu ya kuendesha na kusimamia mashine pepe kwenye seva, jibu hilo lipo kwenye ukurasa mmoja, na ni vema kuuzoea siku ambayo kila kitu kinakwenda sawa.

Fungua kivinjari, andika anwani ya seva yoyote iliyomo katika klasta (kundi la seva zinazosimamiwa pamoja) ikifuatwa na namba ya mlango (port) 8006, kisha ingia kwa akaunti yako. Upande wa kushoto bofya kilele cha mti, palipoandikwa Datacenter, halafu sehemu ya Search. Jedwali litakalotokea linakusanya seva zenyewe, mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva), kontena (mazingira mepesi yaliyotengwa yanayotumia mfumo wa seva yenyewe) na hifadhi za data, kila kimoja katika mstari wake. Ukiandika sehemu ya jina katika kisanduku cha kutafutia, yatabaki yale tu yanayolingana nalo. Ili kupanga, bofya kichwa cha safu. Ukibofya tena, mpangilio unageuka, na mzigo mkubwa unapanda juu. Safu zilizofichwa hufunguliwa kwa kishale kilicho pembeni mwa kichwa chochote.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, nami naomba msomaji asiende mbio. Safu ya CPU usage hupima kila mashine kwa viini vya prosesa ilivyogawiwa yenyewe, si kwa uwezo wa seva nzima. Chukua mfano wa seva yenye viini 32. Mwisho wa mwezi mashine ya mishahara, iliyopewa viini 2, inafika asilimia 95 na kukaa kileleni mwa orodha, wakati mashine ya hifadhidata yenye viini 16 iko chini yake kwa asilimia 60. Ukiamini mpangilio huo utaihamisha ya mishahara na seva itaendelea kuelemewa, kwa sababu ile ya kwanza inatumia takriban asilimia 6 tu ya seva, na ya pili asilimia 30. Kwa hiyo fungua safu ya Host CPU usage na upange kwa hiyo unapotaka kuipunguzia seva mzigo. Ile nyingine itumie unapotaka kujua ni mashine gani inayohitaji kuongezewa viini. Kabla ya kugusa chochote, jiulize: hii ni asilimia ya nini?

Memori nayo inahitaji uangalifu. Mashine ya Windows isiyowekewa kiendeshi cha balloon (kinachoijulisha seva memori inayotumika kweli ndani ya mashine) huonekana kana kwamba imejaa, hata kama ndani yake kuna nafasi ya kutosha, kwa kuwa seva haina njia ya kuona kinachotumika kweli. Safu ya diski inafaa kwa kontena na hifadhi. Kwa mashine pepe usiitegemee, kwani seva haioni yaliyomo ndani ya diski zake.

Namba za jedwali ni za wakati ule ule unaotazama. Mashine inayoongoza sasa hivi huenda inafanya nakala rudufu tu na itatulia baada ya nusu saa. Ibofye, fungua Summary, uone grafu ya saa, ya siku na ya wiki, ukichagua kiwango cha juu badala ya wastani, maana wastani wa wiki unaweza kukificha kilele cha dakika kumi. Unapozungumza na mwenzako wa Kinshasa, tajeni saa ya mji gani: saa 10:00 ya hapa Lubumbashi ni saa 9:00 kwao, na kilele kimoja kinaweza kudhaniwa kuwa viwili.

Ukishajua uzito wa kila mashine, ipe lebo inayoeleza umuhimu wake, kisha ingia katika Options za mashine na uweke namba ya mpangilio wa kuwaka. Yenye namba ndogo huwaka mwanzo na huzimwa mwisho, hivyo hifadhidata ipewe namba ndogo kuliko programu zinazoitegemea.